Kuandika kipeperushi cha baridi yabisi pamoja na wagonjwa

Jina la ugonjwa wenyewe lina mtego. Anayesikia "baridi yabisi" huamini umeletwa na maji ya baridi au upepo wa usiku, basi huvaa sweta, huacha kufua, na vidonge huviweka kando. Kumbe kinga ya mwili wake ndiyo inayoshambulia maungio. Mwandishi aliyejifungia ofisini hataligusa jambo hilo, maana kwake halina utata. Kwa hiyo wasikilize wagonjwa kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, badala ya kuwapelekea karatasi iliyokwisha kuchapwa waisifu.

Chagua jambo moja. Hapa tuchukue umezaji wa methotreksati, dawa ya kutuliza baridi yabisi inayomezwa mara moja tu kwa wiki, kwa kuwa kosa lake laweza kuua. Jongo na magoti ya uzeeni yawe na karatasi zake.

Tafuta watu sita hadi wanane: aliyeanza dawa mwaka huu na aliyezizoea, mkulima, fundi cherehani, mama lishe, mmoja asiyesoma vizuri, na ndugu anayemsimamia mgonjwa nyumbani. Kliniki nyingi humpendekeza mwalimu mstaafu anayejieleza vizuri. Mkaribishe, lakini akiwa peke yake utapata kipeperushi cha walimu wastaafu.

Kikao kianze saa 4 asubuhi au baadaye, kwa sababu viungo hukakamaa mtu anapoamka na vinaweza kuchukua saa nzima au zaidi kulegea. Tafuta chumba kisicho na ngazi, viti vyenye mikono ya kujiinulia, na choo cha kukaa kilicho karibu. Lipa nauli siku hiyohiyo. Fomu ndefu za kujaza ni adhabu kwa vidole vilivyovimba; omba idhini, urekodi sauti. Dakika 90 zinatosha, pamoja na mapumziko ya kujinyoosha. Daktari anayewatibu asiwemo chumbani, la sivyo hakuna atakayetaja prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, anayojinunulia duka la dawa.

Uliza mambo yanayoshikika. "Wiki iliyopita ulimeza nini, siku gani?" "Kazi gani ya nyumbani imekushinda?" Utasikia habari za kukuna nazi kwenye mbuzi, kukamua nguo, kuchuchumaa chooni, kifuniko cha chupa ya dawa kisichofunguka. Hizo ndizo picha zako. Maneno yao yaandike kama yalivyotamkwa. "Vidole vinakataa kukunja ngumi" yanaeleweka upesi kuliko istilahi yoyote ya kitabuni.

Sasa andika. "Mara 1 kwa wiki" haitoshi, maana aliyezoea dawa za kila siku huipita kwa macho. Andika: "Meza JUMATATU tu. Siku nyingine zote usimeze." Jina la siku na idadi ya vidonge viachiwe nafasi, vijazwe kliniki mbele ya mgonjwa. Taja pia uzito wa kidonge: miligramu 15 ni vidonge 6 vya miligramu 2.5, lakini akipewa vya miligramu 10 na kumeza 6, amemeza 60. Dawa ikizidi, uboho hushindwa kutengeneza chembe za damu. Weka dalili za kukimbilia hospitali mahali pa wazi: homa, vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu, kikohozi kikavu na kukosa pumzi. Na mwanamke asishike mimba akiwa anaitumia.

Asidi ya foliki inahitaji mstari wake, kwa kuwa wengi huijua kama dawa ya wajawazito na huitupa. Eleza kwamba hupunguza madhara ya methotreksati, na imezwe siku nyingine kama daktari alivyoelekeza. Mara nyingi vidonge vya dawa hizi mbili vyote ni vya njano, kwa hiyo usivitofautishe kwa rangi, hasa ikiwa karatasi itatolewa fotokopi. Tofautisha kwa jina na siku.

Wagonjwa wana kauli ya mwisho juu ya maneno, picha na mpangilio. Daktari na mfamasia juu ya vipimo vya dawa. Kikundi kikitaka kuandika "inaponya", sahihisha kuwa "inatuliza ugonjwa", tena uwaeleze sababu. Ukifuta kimyakimya, kikao kijacho hawaji.

Kisha wape rasimu watu watano ambao hawakuwa kikaoni. Usiulize "Umeelewa?", kwani kwa heshima kila mtu atajibu ndiyo. Mpe kopo lenye vidonge vya mfano, useme: "Leo ni Jumatano. Nionyeshe utakachomeza." Wawili wakikosea sehemu ileile, kasoro iko kwenye karatasi, irekebishe, ujaribu kwa watano wengine.

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 14 au zaidi, andika tarehe chini, na mmoja wa kikundi asome yote kwa sauti, dakika mbili tu, itumwe kwa WhatsApp kwa wasiosoma.