Michezo ya Sikukuu Darasani: Namna ya Kuandaa Shughuli za Msimu Zenye Somo Ndani Yake

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa kwa sikukuu ina tabia yake. Mitihani imekwisha kusahihishwa, madaftari yamejaa, na akili za watoto zimekwisha kutangulia nyumbani hata kama miili bado iko kwenye madawati. Katika wiki hiyo walimu wengi hugawa karatasi zenye michoro ya nyota na kengele ili wanafunzi wapake rangi, na darasa likitulia kwa nusu saa kazi huhesabiwa kuwa imefanyika. Kupaka rangi si kosa, hasa kwa watoto wadogo ambao mikono yao bado inajifunza kushika kalamu; lakini mwanafunzi wa darasa la nne aliyemaliza kupaka kengele tatu hana jipya ambalo hakuwa nalo asubuhi. Mwongozo huu unahusu michezo ambayo inabaki na furaha ya msimu na wakati huohuo inamwachia mtoto kitu.

Kanuni ninayoifuata ni moja: somo huja kwanza, sikukuu huja baadaye. Kabla ya kutafuta mchezo, fungua andalio lako la somo na utazame ni mada ipi ambayo wanafunzi hawakuishika vizuri katika muhula, iwe ni kugawanya kwa baki, nomino ambatano au ulinganifu wa maumbo. Mada hiyo ndiyo itakayovikwa vazi la sikukuu. Ili kupima kama mchezo unafaa, yaondoe mapambo yote kichwani mwako, kisha ujiulize kama bado kuna kazi ya akili iliyobaki. Ikiwa kilichobaki ni gundi na vumbi la kung'aa, mchezo huo uahirishe.

Nianze na mchezo ambao sijaona darasa likiuchoka. Katika Hanukkah, sikukuu ya Wayahudi inayochukua siku 8, watoto huchezesha pia (kichezeo cha kuzungusha kwa vidole) yenye pande nne, na kila upande una herufi moja ya Kiebrania inayomwambia mchezaji la kufanya. Kwa darasa, pia hiyo hutengenezwa kwa karatasi ngumu. Kata mraba wa sentimita 6 kila upande, chora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, na mahali inapokutana ndipo katikati. Mraba sasa umegawanyika katika pembetatu nne. Andika katika kila moja amri yake: acha, chukua yote, chukua nusu, weka moja. Toboa katikati na upitishe penseli fupi iliyochongwa, ncha yake ikitokeza chini kama sentimita 2. Pia ikizungushwa na kusimama, hulalia upande mmoja, na amri ya upande ulioigusa meza ndiyo inayofuatwa.

Wachezaji wanne hukaa kuzunguka bakuli moja, kila mmoja akiwa na mbegu au vifungo 10. Kila mmoja anaweka kimoja bakulini, kisha wanazungusha kwa zamu. Bakuli likibaki tupu, wote wanaweka kimoja tena. Hesabu hujitokeza zenyewe hapa, kwa sababu mtoto anayetakiwa kuchukua nusu ya vitu 7 anakwama, na wenzake watatu wanamtazama kwa makini kuliko mwalimu yeyote. Usiwatatulie. Waache wakubaliane kama nusu ya 7 ni 3 au 4 katika mchezo huu, waiandike kanuni yao, na wote waifuate hadi mwisho. Darasa la pili linaweza kuishia hapo. Darasa la nne na kuendelea liandike kila zamu kwa sentensi ya hesabu, kwa mfano 7 − 4 = 3, ili kila mgomvi awe na ushahidi wa kutazamwa.

Kwa madarasa ya juu, mchezo huohuo unafungua mlango wa uwezekano. Kila kundi lizungushe pia mara 40 na kuweka alama kila amri inapotokea. Kwa kuwa pande ni nne, tunatarajia kila moja itokee karibu mara 10, ingawa ni nadra kupata 10 kamili kwa kila upande. Mara nyingi kutakuwa na kundi ambalo pia yake imependelea upande mmoja mara 18 au 20, na wenye pia hiyo watatamani kuitupa. Wazuie, maana hiyo ndiyo pia yenye somo kubwa kuliko zote. Waambie watafute sababu, nao watagundua kwamba tundu halikupita katikati barabara au kwamba karatasi imejikunja pembe moja, na hapo watakuwa wameelewa maana ya kifaa kisicho na upendeleo bila kukariri tafsiri yake.

Sikukuu hiyo ina hesabu nyingine iliyojificha katika mishumaa yake. Usiku wa kwanza huwashwa mmoja, wa pili miwili, hadi minane usiku wa mwisho, na kila usiku kuna mshumaa mmoja wa ziada unaotumika kuwashia mingine. Waulize wanafunzi inahitajika mishumaa mingapi kwa siku zote 8. Wengi watajumlisha moja baada ya mwingine, na si vibaya. Lakini mtoto atakayeona kwamba 1 na 8 ni 9, 2 na 7 ni 9, 3 na 6 ni 9, 4 na 5 ni 9, atafika kwenye 36 kwa mkato, kisha ataongeza 8 ya kuwashia na kupata 44. Mara baada ya hapo wasimamishe wanafunzi 9 mbele ya darasa na uwaambie kila mmoja ampe kila mwenzake mkono wa heri ya sikukuu mara moja tu. Je, mikono itapeanwa mara ngapi? Wa kwanza anawapa 8, wa pili anabakiwa na 7, na kuendelea. Jibu ni 36 tena, na kimya kinachoshika darasa linapoiona namba ileile ikirudi ubaoni ni kimya cha kukingoja.

Kwa upande wa lugha, neno lenyewe la sikukuu ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ni maneno mawili yaliyoungana: siku na kuu. Andika kwenye kadi nusunusu za nomino ambatano, kama vile mwana, sheria, hewa, bata, mzinga, askari na kanzu, umpe kila mwanafunzi kadi moja, kisha waache watembee darasani kutafuta wenza wao. Kadi za mwana zitakuwa na wenza wengi, nao watagundua kwamba neno moja linaweza kuzaa ukoo mzima.

Mchezo mwingine ni wa kuchimba maneno ndani ya neno refu. MAADHIMISHO linafaa sana kwa sababu herufi zake zinapatana. Gawa herufi hizo 11 zikiwa zimekatwa mojamoja, na uweke sharti kwamba herufi isitumike zaidi ya idadi iliyopo. Watoto wataanza na hadi na mada, kisha watafika kwenye moshi, shida, dhima, hisia na mashimo. Toa alama kwa kuhesabu herufi badala ya maneno, ili anayetafuta neno moja refu asishindwe na anayelundika mafupi. Zikibaki dakika chache, wadokezee kwamba kuna neno la herufi 9 ambalo ndilo mzazi wa lile walilopewa. Atakayeipanga ADHIMISHA atakuwa amejifunza unyambulishaji kwa mikono yake.

Vitendawili navyo havikosi nafasi, mradi wanafunzi wavitunge wenyewe badala ya kurudia vya zamani. Wape orodha ya vitu vya sikukuu: mshumaa, kengele, baluni, kadi, zawadi iliyofungwa. Sharti ni kukitaja kitu kwa tabia zake bila kulitaja jina. Mfano wa kuwaanzishia ni huu: ninavyozidi kuangaza ndivyo ninavyozidi kufupika. Utungaji wa namna hii humlazimisha mtoto kukichunguza kitu kabla ya kukiandika, jambo ambalo insha ndefu kuhusu likizo mara nyingi hushindwa kulifanya.

Kalenda ni hazina isiyotumiwa vya kutosha. Watoto huuliza kwa nini Krismasi huwa tarehe 25 Desemba kila mwaka kwa wengi wanaoiadhimisha, ilhali Idi na Pasaka huhamahama. Jibu linabeba sayansi na hesabu kwa pamoja. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hutangulia kwa takribani siku 11 kila mwaka ikilinganishwa na kalenda ya jua. Kwa makanisa yanayofuata kalenda ya Gregori, Pasaka huangukia Jumapili kati ya 22 Machi na 25 Aprili, kwa kuwa nayo hufungamana na mwezi mpevu. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari kwa sababu ya namna hiyohiyo. Waulize wanafunzi: ikiwa Idi imeangukia 20 Aprili, baada ya miaka 3 itakuwa karibu na tarehe gani? Wakirudi nyuma siku 33 watafika 18 Machi. Neno karibu hapa lisisitizwe, kwa sababu tarehe hutegemea kuandama kwa mwezi, na makadirio ni stadi kamili, hata kama vitabu vingi huyapitia harakaharaka.

Kwa wasemaji wa Kiswahili ipo sikukuu moja inayowapa wanafunzi mshangao wa pekee. Kwanzaa ilianzishwa Marekani mwaka 1966 na Maulana Karenga, huadhimishwa kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari, na nguzo zake 7 zina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Gawa darasa katika makundi 7, kila kundi lipewe nguzo moja kwa siri na liiigize bila kutamka neno, huku wengine wakibahatisha. Umoja na ujima vitawachanganya, maana vyote huonekana kama watu wanaoshikana, na mjadala wa kuvitofautisha ndio utakaozaa matumizi sahihi ya maneno hayo.

Kazi ya mikono nayo isiachwe. Chukua karatasi, ikunje katikati, kisha ikunje tena ili ibaki robo. Kabla ya mkasi kugusa karatasi, kila mwanafunzi achore daftarini anavyodhani itakavyoonekana ikikunjuliwa. Pembetatu ndogo ikikatwa kwenye ukingo mmoja uliokunjwa, mbali na pembe, itatoa matundu mawili yenye pande nne. Ikikatwa kwenye pembe ya katikati, litatokea tundu moja tu. Michoro mingi ya mwanzo itakuwa imekosea, nayo isifutwe. Ibandikwe kando ya mapambo yenyewe ukutani, ili anayepita aone dhana na matokeo.

Kuhusu uendeshaji, nina onyo moja lililonigharimu. Mwaka mmoja niliandaa shindano la maswali ambalo aliyekosea alitoka mchezoni. Baada ya dakika tano nusu ya darasa ilikuwa nje, imekaa bila kazi, na wengi wao walikuwa walewale waliohitaji mazoezi kuliko wenzao. Tangu hapo mchezo wangu haumtoi mtu. Anayekosea hupoteza zamu moja na kuendelea. Zawadi, kama ipo, iwe ya kundi na iwe ndogo.

Aidha, darasa moja huweza kuwa na watoto wa imani tofauti, na wapo wasioadhimisha sikukuu yoyote. Kujifunza kuhusu sikukuu ni jambo moja na kuiadhimisha ni jambo jingine, na shughuli zako zibaki upande wa kwanza. Waarifu wazazi mapema utakachofanya. Uwe na mada mbadala isiyofungamana na dini, kama majira ya mwaka au mwisho wa muhula, ambayo mtoto anaweza kuifanyia kazi ileile bila kutengwa. Pia ya karatasi, kwa mfano, huzunguka vilevile hata isipotajwa sikukuu. Wala usimfanye mtoto mmoja kuwa msemaji wa dini yake mbele ya wenzake, isipokuwa ameomba mwenyewe.

Mwisho ni muda. Mchezo mmoja kwa kipindi unatosha, maana maelezo huchukua dakika 5 hata ukidhani yatachukua 2. Cheza raundi moja ya majaribio na kundi moja mbele ya darasa kabla ya kugawa vifaa, kwa sababu mbegu zikishafika mezani hakuna atakayekusikiliza. Weka vifaa vya kila kundi katika bahasha yake, na juu ya bahasha uandike idadi ya kila kitu kilichomo. Zikibaki dakika 10 kengele ilie, simamisha kila kitu, kila kundi lihesabu vyake na kuvirudisha, na mikasi uihesabu wewe mwenyewe.