Mathenge haifi kwa panga: jinsi ya kusafisha shamba bondeni Baringo, na milango ya serikali ya kubisha

Mtazame mtu anavyoanza kuikata mathenge, mti wa miiba wa kigeni ambao wataalamu huuita Prosopis, utajua kama anaifahamu. Mgeni hushika panga, akakata usawa wa goti, akakusanya matawi, akaenda zake akiamini shamba limesafika. Mvua ikinyesha, shina moja linakuwa mashina saba, na miiba ya chipukizi inakuwa mirefu kuliko ile aliyoikata. Mwenyeji huanza na sululu.

Mimi nafuga mbuzi huku bondeni Baringo, Kenya, upande wa Ng'ambo, na pamoja na kikundi chetu cha akina mama nimesafisha mashamba ya watu kuanzia Loboi hadi Salabani. Tunalipwa, na pengine tunalipwa chai tu. Maelezo haya ni ya mtu mwenye ekari moja au mbili na mikono yake. Mwenye tingatinga ana shida zake nyingine.

Kabla ya kushika jembe, jua ardhi ni ya nani. Kama ni shamba lenye hati yako, endelea. Kama ni malisho ya jamii, usikate hata mti mmoja kabla ya kuzungumza na kamati ya ardhi, kwa sababu tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ardhi hiyo ina wenyewe kisheria, na kuna jirani anayechoma mkaa pale ambaye hatafurahi. Pita pia kwa chifu umwambie siku mtakayoanza. Hakatazi, lakini watu wakiona moshi na lori la kuni ataulizwa yeye.

Sasa kazi yenyewe. Mathenge ina vichipukizi vilivyolala kwenye shingo ya shina, pale mti unapokutana na mzizi, na shingo hiyo iko chini ya udongo. Ukikata juu yake umeipogoa tu. Lazima uchimbe ukate mzizi mkuu chini ya hiyo shingo: kwa mti mdogo sentimita 10 zinatosha, kwa mti mkubwa nenda hadi 30, yaani shubiri moja na kitu. Mizizi inayobaki huko chini haichipui, iache ioze. Watu wengi hukata tamaa wakidhani wanatakiwa kuufuata mzizi mpaka mwisho. Mzizi huo unashuka mita nyingi kutafuta maji, hutaumaliza na huna haja ya kuumaliza.

Kwa mti mkubwa, kosa la kawaida ni kuangusha shina kwanza. Ukishaliangusha umepoteza mtaimbo wako bora. Punguza matawi ya chini upate pa kusimama, chimba kuzunguka shina, kata mizizi ya pembeni kwa shoka mmoja mmoja, halafu wawili wenu wasukume mti kutoka juu huku wa tatu akiukata mzizi mkuu upande unaonyooka. Uzito wa mti utafanya nusu ya kazi. Miche iliyo chini ya magoti ing'oe kwa mkono siku mbili tatu baada ya mvua, udongo ukiwa bado laini. Ukisubiri udongo wetu huu ukauke, mche utakatikia mkononi na shingo itabaki chini.

Vaa gambuti na glavu za ngozi. Akala hazitoshi, mwiba wa mathenge unatoboa tairi la boda boda sembuse kiatu cha tairi lililochakaa. Mwiba ukikuingia usiuchokonoe kwa mwiba mwingine kama tulivyofanya utotoni na miiba ya mgunga. Kidonda chake huvimba na kutunga usaha, kwa hiyo nenda zahanati, wakautoe mwiba na wakuangalie kama unahitaji sindano ya pepopunda.

Dawa ipo. Watafiti waliofanya majaribio hapa kwetu walipaka kwenye visiki vibichi dawa yenye kiambata cha triclopyr, na visiki vilikufa. Kabla ya kununua chochote, muulize afisa wa kilimo kama dawa hiyo imesajiliwa na bodi ya serikali ya viuatilifu, PCPB, na kwa matumizi yapi. Ipakwe kisiki kikiwa kibichi, mara baada ya kukata. Na usiipeleke karibu na mfereji wa umwagiliaji wa Perkerra, maji hayo yananywewa. Mimi napendelea sululu, ila najua mwenye mgongo mbovu atachagua vingine.

Hapo umemaliza nusu rahisi. Nusu ngumu ni mbegu, na mbegu zinapita kwa mbuzi.

Ganda la mathenge ni tamu, limejaa sukari, na mbuzi huliacha jani lolote alifuate. Ndani yake kuna mbegu ishirini na zaidi, zenye gamba gumu. Mbuzi anatafuna ganda, mbegu nyingi zinapita tumboni bila kusagika, gamba likiwa limelainishwa kiasi cha kutosha kuota, na zinatoka zikiwa na mbolea yake. Ng'ombe hufanya vivyo hivyo, na ngiri, na nyani. Ndiyo maana utaona miche imejipanga kando ya njia ya mifugo kama iliyopandwa na mtu mwenye kamba. Mafuriko hufanya yaliyobaki: mito ya Perkerra na Molo hubeba maganda hadi tambarare ya ziwa, na mifereji ya mradi wa umwagiliaji huyaingiza mpaka kwenye mahindi.

Kwa hiyo weka kanuni hii, hata kama majirani watakucheka: mnyama aliyekula maganda haingii kwenye shamba lililosafishwa mpaka akae zizini siku saba hadi kumi akilishwa kitu kingine. Samadi ya kipindi hicho usiitawanye shambani. Irundike, ioze, na chochote kitakachoota kwenye lundo ung'oe. Mtu akikuletea samadi ya bure kutoka zizi la bondeni, mshukuru na umkatalie. Na ukihamisha mbuzi kwenda juu, Kabarnet au Eldama Ravine, fanya hivyo hivyo kabla ya safari. Huko bado kuna mashamba yasiyoijua mathenge, na kuzuia mche wa kwanza ni kazi ya asubuhi moja. Msitu uliokomaa utakula miaka.

Maganda yenyewe usiyaache yaanguke. Yaokote, yaanike juani mpaka yavunjike ukiyakunja, halafu yapeleke kwenye mashine ya kusaga posho. Yakiwa na unyevu sukari yake itaganda kwenye chekecheke na mwenye mashine hatakukaribisha tena. Kusaga ndiyo siri, maana mbegu iliyovunjwa haioti, na protini iliyo ndani yake ndipo inapomfaa mnyama. Unga huo changanya na nyasi kavu na pumba; mimi huwa sizidishi robo ya mlo. Mbuzi wanaokula maganda mazima mwaka mzima ndio wale meno yao yanaoza kwa ile sukari, na mbuzi asiye na meno hufa njaa malishoni.

Na huyo mbuzi asiye na meno alifika mbali. Mathenge ililetwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mradi wa kuni wa serikali uliosaidiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Pwani ilikuwa imefika mapema zaidi, ikapandwa Bamburi mwaka 1973 kufunika machimbo. Wazee wetu waliambiwa itazuia vumbi na kuleta kuni, na kusema kweli ilifanya yote mawili. Halafu ikala malisho. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus ilishtaki serikali mjini Nairobi, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani awe ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikaitangaza mathenge kuwa gugu hatari chini ya Sheria ya Kudhibiti Magugu Hatari, Sura ya 325.

Isome sheria hiyo kabla ya kwenda ofisini kulalamika, maana ina makali pande zote mbili. Inamtaka mwenye ardhi au anayeitumia aondoe gugu lililotangazwa, na inampa mkaguzi mamlaka ya kukuandikia notisi uling'oe. Yaani mti ulioletwa na serikali, sasa mzigo wa kuung'oa ni wako. Nikifikiria hilo huwa nacheka peke yangu. Lakini ukiwa na barua inayotaja Sura ya 325, ofisa hawezi kukuambia mathenge ni mti tu kama miti mingine.

Njia ambayo serikali yenyewe imeifuata zaidi, tangu katikati ya miaka ya 2000, ni kuidhibiti kwa kuitumia: watu wafundishwe kuchoma mkaa, kupasua mbao, kusaga maganda, na mti utapungua wenyewe. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ilitufundisha mengi kupitia kituo chake cha Marigat, na mkaa wa mathenge umesomesha watoto hapa, nisiwe mtovu wa shukrani. Ila tazama hesabu. Watafiti waliopima kwa picha za setilaiti walikuta mathenge imefunika hekta 882 Baringo mwaka 1988, na hekta 18,792 mwaka 2016. Mti uliokuwa ukitumiwa kwa zaidi ya miaka kumi uliendelea kuongezeka. Sababu yake unaiona ukitembelea tanuri lolote: mchoma mkaa hukata juu ya udongo, kwa kuwa anataka mti uchipue apate mkaa tena. Kwake kisiki ni akiba. Kwako wewe unayetaka malisho, kisiki hicho ni deni. Kwa hiyo ukiwakaribisha wachoma mkaa shambani mwako, na ni wazo zuri kwa kuwa watakulipia gharama, kubalianeni kabla ya shoka la kwanza kwamba gunia halitoki mpaka kisiki kitoke. Liandikeni mbele ya mzee wa kijiji.

Mkaa wenyewe una karatasi zake. Tangu Kanuni za Mkaa za 2009, anayechoma kwa biashara anatakiwa kuwa ndani ya chama cha wachoma mkaa kilichosajiliwa na kuwa na leseni ya Huduma ya Misitu, KFS, na mzigo ukiondoka unatakiwa uwe na kibali cha kusafirisha. Kati ya 2018 na 2023 kulikuwa na marufuku ya kitaifa ya kukata miti kwenye misitu ya umma na ya jamii, na watu wengi bado wamechanganyikiwa juu ya kinachoruhusiwa. Usikisie. Nenda ofisi ya KFS na picha za shamba, sema ni mathenge tupu na unaing'oa, uliza wanataka nini mwaka huu, na kaunti inadai ushuru gani. Gunia likikamatwa barabarani hakuna atakayekagua kama lilikuwa la mathenge au la mgunga, na migunga yetu ndiyo inayofaa kulindwa.

Kwa upande wa kilimo, tangu ugatuzi afisa wa wadi ni wa kaunti, si wa Nairobi. Mwombe vitu viwili, kwa maandishi: aje aone, na akuunganishe na mbegu za nyasi. Hilo la pili ni la lazima. Ardhi iliyosafishwa ikiachwa wazi, mvua ya kwanza itaota mathenge tu, kwani ndiyo mbegu iliyojaa humo. Panda Cenchrus au Eragrostis, nyasi za nchi hii hii, ukilima mifereji midogo kukingama na mteremko ili maji yasimame. Shirika la RAE Trust la Kampi ya Samaki wamekuwa wakirudisha nyasi kwenye ardhi iliyochoka tangu 1982, ukitembelea mashamba yao utaona zikifika kifuani. Zungushia ua wa matawi ya mathenge uliyoyakata, angalau yafanye kazi hiyo, ila kagua kwanza usiache maganda kwenye matawi. Usiingize mnyama mpaka nyasi zitoe mbegu mara ya kwanza. Kata majani, uza kwa bando, hasa kiangazi. Bei ya nyasi wakati huo itakufanya usahau mkaa.

Wengine huuliza kuhusu wadudu. Afrika Kusini waliachia mbawakawa anayekula mbegu za mathenge mwaka 1987, na anazila kweli, lakini mifugo huyawahi maganda kabla yake. Maganda yakiwa chini na mbuzi wako njaa, unajua nani atashinda.

Mvua zikianza baada ya kupanda nyasi, rudi shambani kila wiki ukiwa na jembe dogo. Tafuta miche mahali pa zizi la zamani, chini ya mti ambapo mbuzi hulala mchana, na kwenye mkondo wowote maji yalipopita. Mbegu zilizoko ardhini zitaendelea kuota kwa miaka, chache kila msimu. Mche wenye majani manne unatoka kwa vidole viwili.