Kuteremka Idodi kwa baiskeli wakati wa kiangazi

Ukitaka kutoka Iringa mjini hadi Idodi na Tungamalenga, vijiji vya njia ya Hifadhi ya Ruaha, kwa baiskeli, panga maji kwanza, halafu panga saa. Miguu ni ya tatu. Vijana wanaoleta baiskeli kibandani kwangu Kihesa huanza na miguu. Wamepanda Gangilonga kila jioni mpaka mapaja yamekaza, kisha siku ya safari wamefunga chupa moja ya nusu lita kwenye fremu. Safari hii ni kama kilometa 100 na sehemu kubwa ni mteremko. Mtu hachoshwi na vilima. Anachoshwa na saa 7 mchana kumkuta katikati ya migunga, maji yameisha na kijiji hakionekani.

Ukavu wa kule una sababu. Milima ya Udzungwa inapokea unyevu wa Bahari ya Hindi, ndiyo maana Kilolo kuna ukungu na chai. Upepo ukishavuka kuja upande wetu umeshamwaga mzigo wake. Kadiri unavyoshuka kuelekea bonde la Ruaha Mkuu unayaacha mahindi na alizeti, unaingia kwenye mibuyu, na mpunga wa Idodi na Pawaga unaishi kwa maji ya mifereji. Kusini mwa Hispania mambo yanafanana. Sierra Nevada, yenye kilele cha Mulhacén cha meta 3,479, inakinga mawingu, na upande wa Almería kuna jangwa la Tabernas. Wateja wangu wanatazama sana video za waendesha baiskeli wa kule, na mambo mengi wanayojifunza ni mazuri. Moja tu linawapotosha: kule joto kali ni Julai na Agosti. Hapa Julai ndiyo baridi yenyewe. Unatoka Iringa umevaa koti na vidole vinauma, saa 6 uko chini umebaki na fulana na bado unatiririka jasho.

Kwa hiyo nenda kati ya Juni na Septemba. Oktoba na Novemba joto la bondeni ni la kukatisha tamaa, na mvua zikishaanza, Desemba hadi Aprili, udongo unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Kiangazi kina faida nyingine pia: msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, unakuwa umepita, hutakuta mtu wa kukukaribisha kikombe saa 4 asubuhi. Ulanzi na jua la Idodi havikai tumbo moja.

Sasa baiskeli. Baiskeli ya greveli, ile ya usukani uliopinda chini na tairi nene kidogo, inafaa kabisa, na siku hizi zinapatikana za mtumba. Kama huna, chukua baiskeli ya mlimani isiyo na springi nyuma. Cha maana ni upana wa tairi: milimita 40 kwenda juu. Chini ya hapo mawe yatakufundisha adabu.

Upepo wa tairi ndio ugomvi wangu wa kila wiki.

"Fundi, jaza upepo mpaka ugonge, njia ni mbaya."

"Njia ni mbaya, mdogo wangu, ndiyo maana naupunguza."

Tairi gumu linarukaruka juu ya kokoto na kukutupa. Tairi laini kiasi linazikumbatia. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 42 na tyubu ndani, mimi naweka 40 nyuma na 36 mbele kwa kipimo cha PSI cha pampu. Ukiwa na mzigo kwenye karia, ongeza nyuma kidogo. Tairi lisilo na tyubu, lenye dawa ya kuziba ndani, linakubali 32 hata 30, na kwa miiba ya kule ndilo ninalolipenda. Ila dawa hukauka haraka kwenye joto, kwa hiyo ichungulie kabla ya safari, na bado beba tyubu 2.

Maana miiba ipo ya aina mbili. Ya mgunga ni mirefu, inapita tairi kama haipo. Mbigili ni midogo, imelala kando ya njia hasa pale watu wanaposimama kupumzika. Ukishuka, usiisukume baiskeli kwenye majani makavu, inyanyue. Na ukipata pancha, kabla ya kurudisha tyubu pitisha kitambaa laini ndani ya tairi lote kwa kuzungusha. Kitambaa kitanasa kwenye ncha ya mwiba ambayo jicho haliioni. Wanaopitisha kidole nawaona wamefunga plasta. Wasiopitisha chochote wanapata pancha ya pili kabla gundi ya kiraka cha kwanza haijakauka vizuri.

Breki za diski ni nzuri, lakini chagua za waya. Za mafuta zinashika vizuri zaidi, sikatai, ila zikivuja ukiwa Mloa, kijiji cha njiani, hakuna atakayekusaidia, wakati waya wa breki hata duka la vipuri vya baiskeli za Phoenix wanao. Gia: mbele moja ya meno 38 au 40, nyuma kubwa ifike 42. Wakati wa kushuka utaona nimekuzidishia. Subiri kurudi.

Mnyororo usiupake oili chafu ya gari wala mafuta ya kupikia. Vumbi la njia ile ni jekundu na laini, likikutana na mafuta mazito linageuka msasa, na ndani ya siku moja linakula meno ya gia. Tumia mafuta ya cherehani, tone moja kila pingili, subiri yaingie, halafu futa kwa kitambaa mpaka mnyororo uonekane mkavu. Fanya hivyo jioni, siyo asubuhi ya kuondoka.

Vifaa vingine havihitaji maelezo marefu: pampu, viraka, funguo za alen, kikata mnyororo na pingili moja ya akiba, kamba za plastiki za kubana, tochi, simu iliyojaa chaji.

Maji: beba lita 4. Chupa 2 kwenye fremu, zilizobaki mgongoni au kwenye karia. Kunywa nusu lita hadi robo tatu kila saa, hata kama kiu haijaja, kwa sababu asubuhi baridi ya Iringa inakudanganya kwamba hutoki jasho. Maji matupu kwa siku nzima hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vya kusawazisha na nusu kijiko kidogo cha chumvi, basi, hiyo ndiyo chumvichumvi wanayopewa watoto wa kuharisha na inafanya kazi hiyo hiyo kwa mwendesha baiskeli. Usizidishe chumvi. Jaza chupa kila unapopita kijiji chenye duka au bomba, hata kama bado umebakiza nusu. Maji ya mfereji wa mpunga usiyanywe bila kuyachemsha au kuyatia vidonge. Chakula ni rahisi: chapati, karanga, ndizi mbivu, na ubuyu wa kumumunya njiani. Mamantilie wapo vijijini, ila ukifika saa 4 wengi ndio wanainjika sufuria.

Kabla ya kuondoka, uliza madereva wa magari ya Idodi pale stendi ni wapi greda limepita na wapi kumemwagwa kifusi kipya. Wao wanaijua njia ya wiki hii. Ramani ya simu inaijua ya zamani. Kisha ondoka saa 12 asubuhi. Kalenga utaifikia mapema. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, Wajerumani wakaivunja mwaka 1894, na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 limo kwenye makumbusho. Ukitaka kuingia, panga siku nyingine, kwa sababu saa ile unayopita baridi bado ni akiba yako. Ukikutana na wazee toa "Kamwene" ya Kihehe au "Shikamoo", punguza mwendo, usiwapigie kengele kwa nyuma.

Baada ya Kidamali barabara inaanza kujikunja kama bati. Usikae katikati. Tafuta ukingo ulio laini, kaa nyuma kidogo kwenye siti, legeza viwiko, na macho yatazame meta 10 au 15 mbele, siyo tairi. Ukikamata usukani kwa nguvu mikono itakufa ganzi kabla ya Mloa. Penye mchanga mzito, weka gia nyepesi kabla hujaingia, endelea kukanyaga, usiguse breki ya mbele. Baiskeli itayumba. Iache iyumbe. Lori likija, simama kando upande upepo unakotoka, vumbi likupite.

Mloa njia inagawanyika. Shika kushoto, ya Idodi, Mapogoro na Tungamalenga, maana ina vijiji. Ile ya kulia imenyooka mpaka watu wameibatiza barabara isiyo na mwisho, na nyumba ni chache. Siyo ya mtu wa baiskeli peke yake. Saa 6 hadi saa 9 kaa chini ya mti popote ulipo. Mbung'o wakianza kukufuata utajua kwa nini nasema usivae nguo nyeusi wala za bluu, rangi hizo wanazipenda.

Na huku ndiko kwenye ardhi ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, eneo la vijiji la kuhifadhi wanyamapori. Tembo hawasomi mabango ya mpaka. Huku usiendeshe kabla jua halijachomoza wala baada ya saa 11 jioni. Ukimwona tembo barabarani, simama mbali, geuza baiskeli ikiwa kimya, rudi ulikotoka usubiri gari. Usipige kengele, usijaribu kumpita kwa mwendo kasi, na picha iache. Baiskeli safari yake inaishia Tungamalenga. Kutoka hapo kwenda geti la Hifadhi ya Ruaha panda gari, hata kama wenyeji wanapita na Phoenix zao, kwani wao wanajua tembo walilala wapi jana. Usiku lala ndani ya chandarua.

Kurudi ni kupanda kutoka joto kwenda baridi, siku nzima, juani. Wanaoweza wapo. Wewe wa mara ya kwanza panda gari la asubuhi. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa juu, toa gurudumu la mbele, uifunge mwenyewe kwa mpira, na uilaze upande ambao mkono wa gia wa nyuma utatazama juu. Gunia moja la mpunga linatosha kuupinda.