Trekta Likivuta Hewa, Tafuta Inakopenya

Trekta linawaka asubuhi, linanguruma sekunde chache, kisha linazima kama vile mtu amefunga koki ya mafuta. Dereva anapiga pampu ya mkono, analegeza nati, mapovu yanatoka, linawaka tena na safari ya shambani inaendelea. Kesho yake ni yale yale. Wapo madereva ambao spana ya kutolea hewa haitoki mfukoni msimu mzima wa kulima, na tajiri anaamini trekta linahudumiwa. Halihudumiwi. Hewa ile inayoingia kwenye njia ya mafuta na kuzima injini imepenya mahali, na mahali hapo bado pako wazi.

Kinachopoteza muda ni kutafuta palipolowa. Kutoka kwenye tanki hadi fidi pampu, ile pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tanki, mafuta yanavutwa. Ufa mdogo upande huo, injini ikiwa inafanya kazi, haudondoshi dizeli bali unanyonya hewa. Kuanzia fidi pampu kwenda kwenye chujio na pampu ya nozeli, yaani ile inayopeleka dizeli kwa presha kwenye nozeli za kuipulizia ndani ya injini, mafuta yanasukumwa, kwa hiyo palipolegea patalowa na kushika vumbi. Paipu kavu ya upande wa tanki isikudanganye kwamba ni nzima.

Angalia pia tanki lilipo. Massey Ferguson 135, kwa mfano, tanki lake liko juu ya injini, chini ya boneti, na mafuta yanashuka yenyewe. Hapo tundu linaweza kujionyesha kwa kudondosha trekta likiwa limezimwa. Tanki likiwa chini, itabidi utafute zaidi. Muulize dereva: linasumbua hata tanki likiwa limejaa, au linaanza mafuta yakipungua? Likisumbua mafuta yakishuka tu, au likipanda mlima, huenda bomba la kuvutia lililo ndani ya tanki limetoboka juu, au mdomo wake haufikii chini.

Anza na visivyo na gharama. Legeza kifuniko cha tanki injini ikiwa inakosa nguvu. Nguvu zikirudi, kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kimeziba kwa vumbi. Wavu wa kwenye tanki ukiziba nao, fidi pampu inavuta kwa nguvu zaidi, na maungio ambayo yangevumilia yanaanza kupitisha hewa. Ndiyo maana mwingine anabadilisha paipu zote na tatizo linabaki.

Baada ya hapo, nunua kipande cha mpira mwangavu wa dizeli, urefu wa futi moja hivi, na klipu mbili. Ufunge kwenye njia ya mafuta kabla tu ya fidi pampu, toa hewa, washa injini, ongeza moto kidogo, yaani mzunguko wa injini, na uangalie. Mapovu machache mara tu baada ya kufunga ni ya kawaida. Yakiendelea dakika baada ya dakika, hewa inaingia nyuma yake, yaani upande wa tanki. Sogeza mpira ule kurudi nyuma, ungio moja baada ya jingine. Pale mapovu yanapokoma, tundu liko kati ya hapo na mahali ulipotoka. Kama tangu mwanzo mpira hauna povu hata moja, lakini chujio linatoa hewa kila ukilegeza skrubu yake, shuku fidi pampu yenyewe na sili za chujio.

Usipopata mpira huo, chomoa paipu inayotoka kwenye tanki, kisha lisha fidi pampu kutoka kwenye dumu safi la dizeli lililowekwa juu zaidi yake. Injini ikitulia, kosa liko kwenye tanki au paipu uliyoichomoa.

Kwa maoni yangu, sehemu ya kwanza ya kushukiwa ni ile iliyoguswa mwisho. Chujio limebadilishwa juzi? Fungua uangalie. Mara nyingi sili ya zamani hubaki imeng'ang'ania juu na mpya ikafungwa juu yake, au oringi ndogo ya katikati ikasahaulika kwenye boksi. Washa za kopa, vile vipete vinavyokaa chini ya boliti za maungio, nazo zikishakandamizwa hukakamaa. Weka mpya, wala usikaze boliti kwa hasira mpaka uzi ukatike. Mpira wa paipu uliokakamaa mwishoni ukatwe kama urefu unaruhusu, la sivyo ubadilishwe, na ufungwe kwa klipu. Waya unakata mpira. Kufunga ufa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli ni kujisumbua, kwa kuwa dizeli huvimbisha na kulainisha mpira wa aina hiyo. Utepe mweupe wa mafundi bomba nao ukae mbali, vipande vyake huishia kwenye chujio au pampu.

Ukishaziba, toa hewa kwa mpangilio: kwanza skrubu ya chujio, halafu ya pampu ya nozeli, mwisho nati za nozeli. Kama mkono wa fidi pampu, ule wa kupampu kwa mkono, unapwaya bila kusukuma kitu, usiilaumu pampu bado. Zungusha injini kidogo, kwa sababu kamu, ile sehemu ya injini inayoisukuma pampu hiyo, huenda imesimama mahali pa kuibana, kisha jaribu tena. Usishikilie stata muda mrefu, itaungua. Na injini ikizunguka, usiguse paipu za nozeli kwa kidole kutafuta panapovuja, kwani dizeli ya presha ile hupenya ngozi, na aliyepenywa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Tumia kipande cha boksi.

Kabla ya kuliachia trekta liende kazini, chomoa dipstiki. Oili ikiwa imepanda kuliko ulivyoijaza na inanuka dizeli, inawezekana diaframu ya fidi pampu, yaani utando wake wa kusukumia mafuta, imepasuka na inamwaga mafuta ndani ya injini. Hapo usiwashe tena mpaka pampu ibadilishwe na oili yote imwagwe, maana oili iliyochanganyika na dizeli inakula beringi za kranki.