Dawa za presha na sukari za kila mwezi: jinsi ya kuchukua bila kukatika na jinsi ya kumuomba daktari azipitie

Hii ni kwa wale wa dawa za kila siku, presha, sukari, moyo, na kwa nyie mnaowapeleka wazazi kliniki. Mi ni mfamasia, kazi yangu ipo dirisha la dawa, na ninachokiona ni watu wanahudhuria kliniki miaka na miaka, wanapimwa presha, daktari anaandika endelea na dawa, wanapita dirishani wanachukua wanaondoka. Hapo umechukua dawa tu. Kupitiwa dawa ni pale wewe na daktari mnaangalia dawa moja moja, hii ya nini, bado unaihitaji, inakusumbua wapi, na kwa foleni zetu hilo halitokei lenyewe, lazima ujiandae na uliombe.

Hatua ya 1: Kusanya kila unachomeza

Chukua mfuko, zunguka nyumba nzima, weka kila kitu. Nikisema kila kitu namaanisha mpaka ile diclofenac ya mgongo uliyonunua duka la dawa, vidonge vya tumbo, unga wa mlonge, dawa ya asili uliyoletewa na shangazi, hata zile ulizoacha mwenyewe bila kumwambia mtu. Ziwe kwenye maboksi au karatasi zake, ukija na vidonge vimechanganywa kwenye kikopo kimoja hakuna wa kukusaidia hapo.

Sasa soma maandishi madogo. Boksi lina majina mawili, lile kubwa la kampuni na dogo chini yake, lile dogo ndio dawa yenyewe. Kuna mama alimwaga mfuko wake pale kaunta, maboksi mawili, moja jeupe moja la bluu, majina tofauti kabisa, moja kapewa hospitali, jingine kanunua mtaani siku dawa zilipokosekana. Nikamsomea maandishi madogo: amlodipine miligramu 10, na jingine amlodipine miligramu 10. Alikuwa anameza zote mbili kila asubuhi na miguu imejaa mpaka ndala ndio zinaingia, viatu hapana. Miligramu 10 kwa siku ndio mwisho wa dawa hiyo, na kuvimba miguu ni tabia yake, dozi ikipanda na uvimbe unapanda.

Angalia pia dawa za mseto, yaani dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Losartan yenye herufi H baada ya jina ina hydrochlorothiazide ndani, ambayo ni dawa ya kukojoa, kwa hiyo kama una hydrochlorothiazide nyingine pembeni, hilo ni la kuuliza.

Ukimaliza andika kwenye daftari la kliniki, ukurasa mmoja: jina dogo, miligramu, saa unayomeza, inatibu nini. Usipojua inatibu nini weka alama ya kuuliza, hilo ndio swali lako la kwanza kwa dokta.

Hatua ya 2: Piga hesabu siku hiyo hiyo unayopewa dawa

Hapa ndio dawa za wengi zinapokatika na wanadhani ni uzembe wao. Maboksi mengi ni ya vidonge 28, mwezi una 30 au 31. Ukipewa maboksi matatu hiyo ni 84, ukaambiwa rudi baada ya miezi mitatu, Julai 1 mpaka Oktoba 1 ni siku 92. Siku 8 huna dawa! Na ukifika kliniki presha ipo juu kila mtu anashangaa.

Kwa hiyo ukiwa bado dirishani hesabu vidonge, gawanya kwa unavyomeza kwa siku, ujue vinaisha tarehe gani, andika juu ya boksi. Zikipungua sema hapo hapo. Afu weka alarm kwenye simu wiki moja kabla ya hiyo tarehe, sio siku ya mwisho, maana dawa inaweza isiwepo ukahitaji siku mbili tatu za kuitafuta. Wenye bima ulizeni mapema pia, NHIF (bima ya afya ya taifa) kuna dawa haitolewi ngazi ya zahanati mpaka uende juu.

Kuna dawa haziachwi ghafla hata kidogo: propranolol na atenolol, insulini, prednisolone ya muda mrefu, dawa za kifafa. Hizo zikibaki za wiki moja, anza kuhangaika.

Hatua ya 3: Wiki moja kabla ya kliniki, pima nyumbani

Kama una mashine ya presha, au jirani anayo. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa, mkono uwe usawa wa moyo. Pima mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, andika zote, usichague nzuri. Wenye kipimo cha sukari andikeni ya asubuhi kabla ya kula. Namba za wiki nzima zinamsaidia daktari kuliko ile moja ya kliniki uliyopimwa umetoka kugombania daladala. Kwa wengi lengo ni chini ya 140/90, mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo mara nyingi daktari anataka ile ya juu iwe chini ya 130.

Hatua ya 4: Asubuhi ya kliniki

Hili naomba mlisome vizuri. Watu wanaambiwa waje hawajala kwa ajili ya kipimo cha sukari, basi wanaacha na dawa ya presha. Presha inapimwa ipo 170, daktari anaona dawa imeshindwa, anaongeza dozi au anaongeza dawa nyingine. Mgonjwa anarudi nyumbani anameza zote, presha inashuka chini, anasimama usiku kwenda chooni anaanguka.

Dawa ya presha meza na maji kama kawaida, labda daktari wako awe amekwambia usimeze. Dawa za sukari ndio usimeze tumboni hamna kitu, zibebe pamoja na chakula, ukishapimwa unakula na kumeza. Na kama siku tatu nyuma hukumeza dawa, kwa sababu ziliisha, au hela hamna, au ulichoka tu, sema. Kupimwa presha au sukari hakumwambii daktari kwamba hukumeza, atakuandikia akiamini umemeza.

Hatua ya 5: Omba kupitiwa dawa

Omba mwanzoni, usisubiri ukiwa umeshika mlango. Unasema tu, "Dokta, shikamoo, leo naomba tupitie dawa zangu zote, nimeziorodhesha hapa." Akiwa na foleni mwambie akupangie siku nyingine, wengi wanakubali. Angalau mara moja kwa mwaka, na kila unapotoka kulazwa, maana ukitoka wodini unakuwa na dawa mpya na za zamani zipo nyumbani na hakuna aliyekwambia ipi imechukua nafasi ya ipi.

Cha kusema ni kile kinachokusumbua. Kikohozi kikavu kisichoisha na unatumia enalapril, captopril au lisinopril, inaweza kuwa ni dawa, na ipo ya kubadilishia. Metformin inavuruga tumbo mwanzoni, inasaidia kumeza na chakula, na ukiitumia miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12 ukapata ganzi miguuni, watu wanadhani ni sukari tu. Mzee anayetumia glibenclamide akitoka jasho na kutetemeka usiku, hiyo inaweza kuwa sukari imeshuka, mpe kitu cha sukari palepale na daktari ajue. Diclofenac na ibuprofen zinapandisha presha na kuumiza figo, hasa ukiwa na losartan au enalapril pamoja na dawa ya kukojoa, kwa hiyo maumivu yako ya goti yaingie kwenye mazungumzo.

Wababa, nguvu za kiume zikipungua baada ya kuanza dawa, sema. Najua ni ngumu. Wengi wanaacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo wakati daktari angeweza kubadilisha. Omba kuingia peke yako kama umeenda na mtoto. Na dada mwenye presha anayepanga kubeba mimba aseme kabla, enalapril, captopril na losartan hazifai kwa mimba.

Afu uliza vipimo: figo lini mara ya mwisho, HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu iliyopita (kila miezi mitatu mpaka sita), macho mara moja kwa mwaka. Kabla hujatoka uliza ipi naacha, ipi imebadilika, narudi lini, na mwombe aandike kwenye daftari.

Hatua ya 6: Dirishani

Fungua mfuko kabla hujaondoka. Linganisha na daftari: jina dogo, miligramu, idadi, tarehe ya kuisha muda. Losartan 50 na 100 zinafanana boksi, daktari akiongeza kutoka 50 kwenda 100 na nyumbani una za 50, uliza kama unaweza kumeza mbili mpaka ziishe. Ukiambiwa dawa hamna usiondoke hivyo hivyo, muulize mfamasia kama kuna kampuni nyingine yenye dawa hiyo hiyo, au rudi kwa daktari akuandikie mbadala. Ukienda kununua nje nenda famasi na cheti chako, DLDM (maduka ya dawa muhimu) wana orodha ya dawa wanazoruhusiwa.

Hatua ya 7: Nyumbani

Dawa zilizositishwa zitoe kwenye mfuko siku hiyo hiyo, zirudishe famasi uulize kama wanazipokea, usimpe jirani hata kama mna ugonjwa mmoja. Ukisahau dozi usimeze mbili kufidia. Dawa mpya ya presha ipe wiki mbili tatu huku ukiendelea kupima, isipokuwa ukiona kizunguzungu kikali, mdomo au uso kuvimba, au kupumua kwa shida, hapo unaenda hospitali saa hiyo hiyo na boksi mkononi. Madhara ya dawa yanaripotiwa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), mwambie mfamasia au nesi ajaze fomu.