Jinsi ya kuona GLT-1 ya astrosaiti ikikata ishara ya nyuroni

Wengi tukianza kurekodi umeme wa seli za ubongo tunawaza nyuroni tu, astrosaiti (seli saidizi iliyo pembeni yake) tunaichukulia kama gundi ya kushikilia wenzake. Lakini kwenye utando wake kuna protini ya GLT-1, kwa binadamu inaitwa EAAT2, na hiyo ndo inafyonza sehemu kubwa ya glutameti (kemikali ya kupitisha ishara) inayomwagwa kwenye sinapsi, pale nyuroni mbili zinapokutana. Kila glutameti moja inaingia na sodiamu 3 na protoni 1, potasiamu 1 inatoka. Panya waliotolewa jini yake wanapata kifafa na wengi wanakufa mapema, kwa hiyo sio kitu kidogo.

Hatua ya 1: kata hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) vipande vya mikromita 300 kwenye maji ya chumvi ya baridi kali, gesi ya oksijeni 95% na kaboni dayoksaidi 5% ipite muda wote. Vipumzike kama saa moja.

Hatua ya 2, hapa naomba sana msiruke: rekodi kwenye joto la nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi. GLT-1 ikipoa inafyonza polepole mno. Mimi wiki nzima nilirekodi kwenye joto la chumba, tofauti kabla na baada ya dawa ya kuziba GLT-1 (iko hatua ya 4) ikawa ndogo nikadhani dawa imeharibika, kumbe protini yenyewe ilikuwa imeshapoa.

Hatua ya 3: shika nyuroni ya CA1 (eneo la hipokampasi) kwa pipeti ya kurekodi, pipeti iwe na sizimu badala ya potasiamu, pandisha volteji ya seli mpaka +40 mV ili magnesiamu iachie vipokezi vya NMDA, aina mojawapo ya vipokezi vya glutameti. Ziba AMPA (vipokezi vingine vya glutameti) kwa dawa ya NBQX, ziba vipokezi vya GABA (vya kutuliza nyuroni) kwa pikrotoksini.

Hatua ya 4: shtua kwa umeme nyuzi za Schaffer (zinazoleta ishara CA1), kwanza pigo moja moja, halafu mapigo 10 kwa hezi 100, chukua dakika 10 za msingi kabla ya dawa. Kisha weka dawa ya DHK mikromola 300, inaziba GLT-1 na kuiacha GLAST (protini nyingine ya astrosaiti ya kufyonza glutameti) karibu ilivyo, ukitaka kuziba zote tumia dawa ya TBOA.

Sasa angalia mkia wa mkondo, sio kilele. Pigo moja linaweza lisibadilike sana, ila kwenye mfululizo glutameti inafurika nje ya sinapsi na mkia unarefuka, na huo urefu ndo kazi ambayo astrosaiti ilikuwa inafanya kimya kimya. Ukinzani wa pipeti ukibadilika zaidi ya 20% tupa hiyo seli, usiionee huruma.

Mwisho mwagia D-AP5, dawa inayoziba NMDA. Mkondo ukibaki, ulichokuwa unapima sio NMDA, rudi hatua ya 3.