SOMO: Kamera ya tundu kwa boksi la viatu

Wakuu, nimechoka kuulizwa "umetumia lenzi gani?" Hakuna lenzi. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Tafuta boksi la viatu lenye mfuniko.
2. Ndani lipake rangi nyeusi.
3. Upande mmoja mfupi kata dirisha, ulizibe kwa karatasi ya kunakilia michoro. Karatasi hiyo ndiyo skrini yako, taswira itaonekana hapo.
4. Upande wa pili kata nafasi ndogo, bandika kipande cha foili.
5. Toboa foili kwa sindano. Wengi huharibu hapa. Usitoboe boksi lenyewe, maana ni nene na nyuzi zake huziba mwanga. Laza foili juu ya kitu kigumu, bonyeza kwa ncha tu huku ukiizungusha. Usiipitishe sindano nzima. Kwa boksi la sentimita 30, tundu liwe karibu milimita 0.75. Likizidi, taswira inang'aa lakini ina ukungu. Na msidanganyane kwamba dogo zaidi ndiyo kali zaidi: mwanga ukibanwa mno hutawanyika, ukungu unarudi palepale. Likichanika, tupa foili, anza upya. Foili ni rahisi kuliko ubishi.
6. Ziba viungo vyote kwa tepu nyeusi.
7. Jifunike kitambaa kizito pamoja na upande wa karatasi, elekeza tundu kwenye kitu kilichopigwa na jua. Macho yaache yazoee giza.

Swali: Nimefanya yote, sioni kitu.
— Umejifunika kitambaa?
Swali: Bado.
— Hatua ya 7.

Swali: Naweza kuchungulia jua kwa hilo tundu?
— HAPANA. Utaharibu macho. Lipe jua mgongo, mwanga upite tunduni uangukie kwenye karatasi, uangalie karatasi.

Swali: Kwa nini mti unaonekana kichwa chini?
— Swali zuri. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Unaotoka kileleni unashuka, unapita tunduni, unatua chini. Wa shinani unatua juu. Kulia na kushoto navyo hubadilishana. Ibn al-Haytham, mwanasayansi wa kale wa Kiarabu, alilichambua jambo hili miaka 1,000 hivi iliyopita, akieleza umbo la jua lililopatwa linavyoonekana kupitia tundu.

Swali: Kumbe ndiyo maana madoa ya mwanga chini ya miti ni duara?
— Hasa! Kila upenyo kati ya majani ni tundu, kila doa ni taswira ya jua. Likipatwa nusu, madoa yote huwa hilali. Pima doa la tundu lililo mita 1 kutoka kwenye karatasi: milimita 9 hivi. Jua liko kilomita milioni 150. Piga hesabu ya uwiano, utapata kipenyo chake, karibu kilomita milioni 1.4.

Swali: Nimekata tundu la pembetatu, doa bado duara!
— Sasa sogeza karatasi hadi karibu iguse tundu. Pembetatu itajitokeza.